Ndege wa Oktoba Minnesota: acha majani uani, msituni mfuate chikadi

Ukitaka kuona ndege uani mwezi wa Oktoba, reki iache ilipo. Majirani zangu hapa Minnesota, Marekani, huzoa kila jani linalodondoka. Mimi nayaacha yalale chini ya vichaka na kando ya uzio, kwa sababu hapo ndipo wageni wanaotoka misitu ya Kanada hutafuta riziki. Mtazame shomoro koo-jeupe: huruka mbele kidogo, hujirudisha nyuma akipekua kwa miguu yote miwili kwa mpigo, majani yanatimka, kisha hudonoa alichofukua. Ni kama kuku wa kienyeji mwenye haraka. Pembeni yake atakuwepo junko, kijivu juu na mweupe tumboni. Akiruka, kingo za mkia wake huonekana nyeupe. Hawa hula chini, basi wamwagie nafaka ndogondogo. Wanaopenda kuning'inia watundikie mbegu nyeusi za alizeti.

Msituni wengi hukata tamaa, kwani majira haya ndege hawaimbi sana. Dawa ni chikadi, yule mdogo mwenye kofia nyeusi na koo jeusi, asiyenyamaza mwaka mzima. Wasafiri wengi wadogo hujiunga na kundi lake, maana yeye ni mwenyeji na ndiye mpiga mbiu hatari ikitokea. Ukimsikia, simama hapohapo na ukague matawi taratibu. Usikimbilie kila kinachotikisika. Mwezi wa Septemba, ndege wapita njia waelekeao Amerika ya Kati na Kusini huwa humo humo kundini. (Mbayuwayu wa huku nao huelekea huko; wale wahamiaji tunaowaona Afrika Mashariki hutoka Ulaya na Asia.)

Programu ya simu ya Merlin, inayotambua ndege kwa sauti zao, ni ya bure na inasaidia, ila usiiamini kupita kiasi. Jei wa buluu, jamaa ya kunguru, huiga mlio wa mwewe, na mjanja yule hudanganya watu pia.

Ukishawaita ndege uani, shughulikia vioo vya madirisha wasije wakajigonga. Bandika vidoa upande wa nje, vikiachana sentimita 5 hivi, na usiku zima taa zisizohitajika, kwani ndege wengi husafiri gizani.

Novemba ikiingia, wawindaji wa paa huanza na bunduki zao. Usiingie msituni bila kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa, hata kama unakwenda karibu tu.