Mbolea yetu inaingia mtoni: tupande majani au tupunguze mifuko?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Sisi ni kikundi cha wakulima wa mahindi, mpunga na mboga katika bonde la mto Lukuledi, chini ya Mtama. Mvua zikikatika maji ya mto yanageuka kijani, na wenzetu wa vijiji vya chini wanasema ni mbolea zetu na salfa ya mikorosho. Tumeshauriwa kupiga matuta ya kontua, yanayokingama na mteremko, na kupanda majani kingoni mwa mto. Yatatosha? Na maji ya visima, tukichemsha yanakuwa salama? (Msomaji, Lindi)

JIBU: Marahaba. Salfa iondoeni kwenye kesi hii. Ni kiberiti, haina naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye urea, hata chembe. Ina lawama yake nyingine, kwamba inaongeza uchachu wa udongo chini ya mikorosho, lakini hilo tulizungumze siku nyingine.

Kijani mnachokiona ni mwani, na kwenye maji baridi mara nyingi chakula chake kikuu ni fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea, inayosafiri na tope. Naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea au samadi ikishageuka kuwa umbo linaloyeyuka majini, haina rangi, harufu wala ladha. Mto unaweza kuwa mweupe kabisa na bado umebeba naitreti nyingi.

Matuta yapigeni, yatazuia tope na fosforasi yake. Ila msiyategemee kwa naitreti. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, na naitreti nayo ina chaji hasi; chaji zinazofanana husukumana, kwa hiyo udongo hauishiki. Inayeyuka na kufuata maji yanakokwenda. Tuta likizuia maji yasitiririke juu, maji yanazama, na naitreti inazama nayo hadi kwenye maji ya visima, kisha polepole inatokea mtoni kwa chini. Kwenye mashamba ya kichanga, na huku kwetu yapo mengi, inazama upesi zaidi. Ndiyo maana mimi naanza na mfuko wa mbolea na kalenda, kingo zinafuata.

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Udongo uliokaa mkavu miezi yote ile ukilowa ghafla, vijidudu vyake vinaamka na kuozesha mabaki kwa kasi, na naitreti inatoka kwa mkupuo. Mwanasayansi Birch alilieleza jambo hili mwaka 1958, akifanya utafiti Muguga, Kenya. Maana yake, mvua za kwanza zinakuta naitreti shambani kabla hujafungua mfuko wowote, na mahindi bado hayana mizizi ya kuila. Ukimwaga urea siku hizo unaongeza chakula pasipo na mlaji. Pandeni mapema ili mizizi iwahi ile naitreti ya bure. Mbolea ya kukuzia isubiri mahindi yafike magotini, na igawanywe mara mbili badala ya kumwagwa yote kwa pamoja. Kisha ifukieni. Urea iliyoachwa juu ya udongo inapotea hewani kama amonia, na mvua kubwa ikiikuta inaisomba. Wingu zito likijikusanya, mfuko ubaki stoo.

Sasa kipimo. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mahindi gunia kumi za kilo 100 hubeba kwenye punje takriban kilo 15, na mabua huchukua kama nusu ya hiyo. Anayevuna gunia kumi kwa ekari akaweka mifuko miwili, amenunua karibu mara mbili ya kilichotumika. Kilo 20 tu za naitrojeni zikigeuka naitreti zote zinatosha kufikisha maji karibu lita milioni 1.8 kwenye kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 50 kwa lita. Na samadi imo kwenye hesabu hiyo. Wapo wanaojisifu hawagusi mbolea ya viwandani, huku lundo la samadi liko wazi hatua chache kutoka kisimani.

Kwenye majaruba ya mpunga hatari ni ndogo zaidi, maana tope lililofunikwa na maji halina hewa na naitrojeni hubaki kama amoniamu, yenye chaji chanya, ambayo udongo unaishika. Ila mkishatia urea msifungue maji kwa siku kadhaa, na msikaushe na kujaza jaruba kila mara.

Kuhusu kingo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisiharibiwe kwa shughuli za watu. Najua bustani za mboga za kiangazi ziko humo humo na ndizo zinazolipa ada za shule, kwa hiyo hili litakuwa gumu kuliko mengine yote. Majani kama mabingobingo au vetiva huchuja tope vizuri. Naitreti inahitaji zaidi: ardhi chepechepe yenye matete na mabaki yanayooza, ambamo bakteria waliokosa hewa huigeuza kuwa gesi ya naitrojeni isiyo na madhara. Msiikaushe ardhi hiyo. Na msichimbe mfereji wa kupitisha maji ya shamba katikati ya ukanda wa majani. Mfereji mmoja unatosha kuufanya ukanda wote kuwa pambo.

Kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yanapungua, naitreti inabaki, kwa hiyo kiwango kinapanda. Wa kuogopewa zaidi ni watoto wa chini ya miezi sita wanaopewa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji ya kisima, kwa sababu damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Anayenyonya maziwa ya mama tu hayumo kwenye hatari hiyo. Kwa vipimo, anzeni na Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, ofisi yake iko Mtwara. Pimeni visima kwanza, hasa vile vifupi vilivyo chini ya mashamba, wiki chache baada ya mvua kuanza. Sampuli iwe kwenye chupa safi, iwekwe kwenye barafu na ifike maabara ndani ya siku moja.