Kwa wanaoanza kazi na Hugo: wekeni matoleo yenu kwa majina

Wiki iliyopita nilimkuta kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo, hapa ofisini Moshi, akigombana na kompyuta kwa saa mbili kwa sababu tovuti inayojengwa kwa Hugo, programu inayogeuza maandishi kuwa kurasa za tovuti, ilijengeka vizuri kwenye mashine ya mwenzake ikakataa kwake. Nilipomwambia aandike `hugo version`, neno "extended", yaani Hugo iliyoongezewa uwezo, halikuonekana: alikuwa amepakua Hugo ya kawaida kwa kuwa faili lake ni dogo, ili aokoe bando. Mitindo ya tovuti ile (rangi, herufi na mpangilio) imeandikwa kwa Sass, lugha ambayo Hugo ya kawaida haiwezi kuisoma peke yake. Sikumkasirikia sana, maana aliyemtangulia alifanya vilevile, na wa kabla yake pia. Naandika haya ili atakayekuja baada yake nimpe karatasi badala ya sauti yangu.

1. Hugo nzima ni faili moja, kwa hiyo usiifanyie sherehe. Weka kila toleo ndani ya `~/bin`, folda yako ya programu, kwa jina lake kamili, `hugo-0.59.1`, `hugo-0.92.2` na kadhalika, kisha uite unalolitaka.

2. Usimwachie apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, akuamulie toleo la mradi wa mteja. Hapa nina kidonda, nivumilieni.

Julai 2021, wageni wa Kilimanjaro walipoanza kurejea baada ya ukame wa korona, nilikuwa nikitunza tovuti ya kampuni ndogo ya kupandisha watalii. Jioni moja nilihamisha kompyuta yangu kutoka Ubuntu 18.04 hadi 20.04, na Hugo ikaruka nayo kimyakimya kutoka 0.40.1 hadi 0.68.3. Katikati ya namba hizo limo toleo 0.60.0, la Novemba 2019, lililoanza kusoma Markdown, maandishi mepesi tunayoandikia kurasa, kwa kisomaji kiitwacho Goldmark badala ya Blackfriday ya zamani; na Goldmark, usipoiagiza vinginevyo, huiondoa HTML uliyoiandika moja kwa moja ndani ya kurasa za Markdown. Jedwali la bei za njia za Machame, Marangu na Lemosho nilikuwa nimeliandika kwa HTML, na fomu ya kuwekea nafasi pia. Mimi nilibadilisha namba ya simu tu, nikatazama ukurasa wa mwanzo, ambao wote hutoka kwenye violezo (faili za HTML za mpangilio, si Markdown) na kwa hiyo haukuguswa, nikachapisha, nikaenda zangu kunywa mtori.

Siku ya sita mwenye kampuni akanipigia. Hakufoka, aliniuliza tu, "Mwanangu, hivi barua pepe zetu zimepatwa na nini?" Upole ule uliniuma kuliko matusi. Nilimwapia kuwa kosa ni la seva ya barua pepe, nikakesha nikijitumia ujumbe wa majaribio, na kila ujumbe ukafika. Alfajiri ndipo nilipofungua ukurasa wa bei wenyewe, jambo ambalo wageni walikuwa wamelifanya kwa siku sita, nikakuta kichwa cha habari, sentensi moja ya kukaribisha, na weupe. Dawa ilikuwa kuandika `unsafe = true` chini ya `markup.goldmark.renderer`. Lakini ningekuwa na faili la Hugo ya zamani, ningeirudisha tovuti kwa dakika moja, kisha nikatafuta sababu baada ya kulala. Sikuwa nalo, kwa kuwa apt alikwisha kulifuta na kuweka jipya mahali pake.

3. Ukishangaa kwa nini toleo halibadiliki, andika `type -a hugo` uone ziko ngapi na ipi inatangulia, kisha `hash -r`, kwa sababu bash, programu inayopokea amri zako, hukumbuka njia ya zamani ya faili. Mwaka jana kijana mmoja aliwasha upya kompyuta mara nne kabla ya kuniuliza. Alikuwa na Hugo tatu, na moja aliisakinisha kwa snap, kisakinishi kingine cha Ubuntu, akaisahau.

4. Andika namba ya toleo ndani ya mradi, na ikiwa tovuti inajengwa Netlify, huduma ya kujenga na kuhifadhi tovuti mtandaoni, weka namba hiyohiyo kwenye `HUGO_VERSION`.

Kijana wa bando sasa ana matoleo manne ndani ya `~/bin` yake, yote extended. La nne alilipakua kwa hotspoti ya simu yangu.