Muulize Fundi: Ukuta wa Matumbawe, Msumeno wa Mtumba na Chumvi ya Bahari

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nawaheshimu, lakini hawakuwahi kuuziwa drili barabarani hapa Mombasa, pale Mwembe Tayari, na mtu ambaye kesho yake haonekani. Twende kwa maswali yenu.

*Shikamoo Fundi. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, kuta ni za matumbawe na chokaa. Nimeazima drili ya kugonga nitundike rafu, lakini kila tundu linageuka shimo la kupitisha ngumi. Ninunue drili kubwa zaidi?*
Msomaji, Mji wa Kale

Marahaba mwanangu. Wala usinunue kubwa. Tena hiyo uliyoazima punguza nguvu zake. Ukuta wako si zege. Ni vipande vya matumbawe vilivyopangwa na kushikwa na chokaa, na katikati mna mifuko ya mchanga mtupu. Ukigonga, jiwe linatikisika na chokaa inamwagika. Zima kitufe chenye alama ya nyundo, drili izunguke tu. Anza na biti ya mawe ya milimita 6, kisha pitisha ya 8, na usiisukume kwa kifua.

Tazama unga unaotoka. Ukiwa mweupe na laini kama unga wa muhogo, uko ndani ya jiwe, endelea. Ukianza kumwagika wenyewe wenye chembechembe, umeangukia kwenye kiungo cha chokaa. Toa biti, sogea sentimita 5, anza upya. Skrubu iwe ya inchi 3, kwa maana kwenye nyumba hizo plasta peke yake yaweza kula inchi nzima. Ukishapata matundu manne yaliyoshika, funga kwanza ubao mrefu ukutani, rafu ikae juu ya ubao.

Drili ya wati 500 hadi 700 yatosha nyumbani. Ile nyundo kubwa ya umeme ni ya zege, kama linta ya juu ya dirisha. Kwa matundu mawili, ikodi kwa siku moja tu.

*Kuna msumeno wa mviringo wa mtumba kutoka Uingereza, plagi yake ya njano, bei nusu ya mpya. Jamaa anasema nibadilishe plagi tu. Ni kweli?*
Kaka wa Likoni

Kaka, plagi hiyo ya njano ndiyo inayokuonya. Kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza, vifaa vingi vya mkono hutumia volti 110 kwa usalama wa wafanyakazi. Umeme wetu ni volti 240. Ukibadilisha plagi na kuwasha, msumeno utaunguruma kwa nguvu ya ajabu, utatoa harufu, na mchezo umekwisha.

Najua kwa sababu niliufanya ujinga huo. Nilinunua randa ya umeme nikaambiwa maneno hayo hayo. Ilikwangua ubao mmoja wa mvule vizuri mno, nikajisifu mbele ya vijana wa karakana. Ubao wa pili haukufika katikati. Moshi wake uliwachekesha mwezi mzima.

Vya Japani navyo ni volti 100, vya Marekani 120. Geuza kifaa usome kibati chenye volti na wati zake kabla hujauliza bei. Kama unautaka msumeno huo kwa dhati, ongeza gharama ya transfoma ya kushusha volti, inayobeba wati kuzidi zilizoandikwa hapo, halafu uone kama bado ni rahisi.

*Naanza karakana ndogo uani, pesa ni chache. Ninunue nini kwanza?*
Mama wa Kisauni

Futi ya kupimia ya mita 5, pembemraba ya kunyooshea kona, msumeno wa mkono, nyundo, bisibisi mbili, patasi moja nzuri ya milimita 20 na jiwe la kunolea. Mama, usilisahau jiwe. Patasi butu inakulazimisha kusukuma, na ukisukuma ndipo inapoteleza ikakuchoma mkono. Kifaa cha kwanza cha umeme kiwe drili. Mengine yatakuita yenyewe kazi ikija.

*Drili ya betri au ya waya? Huku umeme unakatika kila mara.*
Msomaji, Bamburi

Ya betri ya volti 18, mradi uwe na betri mbili, moja ichajiwe nyingine ikifanya kazi. Usiiache ndani ya gari juani. Joto ndilo linaloiua mapema. Na ukianza na kampuni moja, baki nayo, maana betri ya huyu kwa kawaida haiingii kwa yule. Ukichagua ya waya, kunjua ekstensheni yote kabla ya kuwasha. Ikibaki imeviringwa hupata joto, na nimeona moja imeyeyuka ikawa donge.

*Patasi na randa zangu zinashika kutu ndani ya wiki moja. Naishi karibu na bahari.*
Msomaji, Shanzu

Sote tunakula chumvi hiyo, na jasho la viganja linaongeza. Kila jioni futa kwa kitambaa kikavu, kisha paka mafuta ya cherehani, tone moja tu, usambaze. Mafuta ya nazi waachie nywele, huku yanachacha na kunata. Usiviweke sakafuni wala ndani ya boksi la karatasi linalonyonya unyevu. Kilichoshika kutu tayari, kitumbukize kwenye siki usiku kucha, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha pale pale, paka mafuta.

*Naweza kufunga diski ya meno ya mbao kwenye grinda?*
Kijana wa Changamwe

Hapana. Grinda ndogo huzunguka hadi mara 11,000 kwa dakika, na meno hayo yakinasa kwenye fundo la mbao, mashine inaruka kukufuata wewe. Ukiona mtu ameitoa na kinga ili diski ienee, ondoka hapo. Kodi jigso, ule msumeno mdogo wa umeme wa mbao, kazi yako itakwisha kabla ya magharibi.