Nimekataa kuiimbia kampeni, sasa naitwa vuguvugu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni kijana wa Igoma, Mwanza, fundi simu pale Makoroboi. Usiku natengeneza muziki chumbani kwangu. Narekodi mwenyewe na kuachia ngoma mwenyewe, sina lebo wala meneja. Nina wimbo niliomtungia shangazi yangu aliyezama na kivuko cha MV Nyerere. Wakati wa kampeni walikuja watu wa mgombea mmoja, wakautaka wimbo ule ule, ila kwenye kiitikio liingie jina la mgombea wao. Walitaja laki nane. Nikakataa. Mama alikuwa anadaiwa kwenye kikoba, na mpaka leo haongei nami vizuri. Mwalimu wa kwaya alinisema mbele ya wenzangu kwamba nimefukia talanta, tena mimi ni vuguvugu na Bwana atanitapika. Kazini nako sieleweki. Sina chama, sina timu ya msanii yeyote, nakaa nawatazama wenzangu wakitukanana kwa ajili ya mtu ambaye hata hawajui. Wakati mwingine nawaona kama kondoo, na najiona mgeni katika mji niliozaliwa. Je, nilitenda dhambi? Na Mkristo anaruhusiwa kukaa pembeni?

JIBU: Milele na milele, amina. Mwanangu, hukutenda dhambi. Ningeweza kuishia hapo, lakini aya uliyopigwa nayo imenikera. Tangu kampeni za 2025 naisikia kila mahali, misibani, kwenye jumuiya, hata kwenye kikao cha halmashauri ya walei, ikirushwa kwa kila ambaye hakuvaa fulana ya mtu. Wacha tuisome basi, maana wanaoirusha wengi wao hawajaisoma.

Ni Ufunuo 3:16, kwa sababu una uvuguvugu, wala hu baridi wala moto, nitakutapika, na iliandikwa kwa Kanisa la Laodikia. Kosa la Wakristo wale halikufichwa, lipo aya inayofuata: walisema wao ni matajiri, wamejitajirisha, wala hawana haja ya kitu. Walishiba hadi wakaona hata Kristo anaweza kusubiri nje, ndiyo maana aya ya 20 inamwonyesha amesimama mlangoni akibisha. Hakuna neno hata moja kuhusu kuchagua upande kati ya wakubwa wa mji. Tena angalia jambo ambalo wahubiri wetu hulipita mbio: Bwana anasema ingekuwa heri wangekuwa baridi au moto. Jirani na Laodikia, kule Hierapoli, kulikuwa na chemchemi za maji ya moto yaliyotafutwa na wagonjwa, na maji baridi yana faida yake kwa mwenye kiu. Vyote viwili vinasifiwa. Sasa kama moto ndio ushabiki, anayekufundisha hivyo anieleze baridi inayosifiwa ni ipi.

Kuna zaidi. Kitabu hicho kiliandikwa na mtu aliyekuwa kisiwa cha Patmo kwa ajili ya neno la Mungu, akiwaandikia waamini walioishi chini ya dola iliyotaka Kaisari aabudiwe. Ukitaka kuona Ufunuo unausemaje ushangiliaji, songa mbele sura kumi. Sura ya 13 inaonyesha dunia yote ikimstaajabia mnyama na kuuliza, ni nani afananaye na mnyama huyu, na nani awezaye kufanya vita naye? Hicho ndicho kibwagizo cha kampeni kilichomo katika kitabu cha Ufunuo. Mtu anayechukua kitabu hicho hicho kumlazimisha kijana aimbe sifa za mgombea amekishika juu chini.

Halafu mwalimu wako wa kwaya anitazame na mimi. Sheria ya Kanisa, Kanuni 287, inanikataza kama padre kujihusisha kikamilifu na vyama vya siasa. Ikiwa kutokuwa na chama ndiko uvuguvugu, basi Kanisa limewaamuru mapadre wake wote wawe vuguvugu, na mwalimu wa kwaya anapokea komunyo kila Jumapili kutoka mikono ya mtu anayesubiri kutapikwa.

Kuhusu talanta. Yule mtumwa wa Mathayo 25 alifukia mali ya bwana wake kwa woga, asiifanyie kazi yoyote. Wewe wimbo wako unasikika. Unarekodi usiku baada ya kushinda umeinamia simu za watu, na unauachia bila kujua kama kuna atakayeusikiliza. Na bwana aliyekuja kudai hesabu katika mfano ule ni yule aliyetoa mali. Meneja wa kampeni hana hesabu ya kukudai.

Nije kwenye timu za wasanii. Usidhani jambo hili lilianza na Team Diamond na Team Kiba. Usukuma wetu umekuwa na Bagika na Bagalu tangu babu zetu, wafuasi wa Ngika na wafuasi wa Gumha, wakishindana kwa ngoma baada ya mavuno. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana dawa za kuvutia watu zilihusika tangu mwanzo, na nyimbo za kumkejeli mpinzani hazikukosekana. Kanisa lilifanya nini? Padre David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika aliyejenga pale Bujora, Kisesa, hakuwaambia Wasukuma waache kushindana. Mpaka leo wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma la mwezi Juni, Bagika na Bagalu wanachezea kwenye viwanja vya misheni katika msimu wa sikukuu ya Ekaristi. Kwa hiyo simlaani kijana anayempenda msanii wake, wala yule wa Simba na Yanga anayepoteza sauti Jumamosi pale CCM Kirumba. Furaha ya kuwa wengi kwa pamoja Mungu ndiye aliyetupa.

Ila kuna mahali inaharibika, na Paulo alipaona mapema. Wakorinto walikuwa wanasema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo, mimi ni wa Kefa. Walikuwa na timu, na za watakatifu! Paulo hakufurahi kwamba ana mashabiki. Aliwauliza, je, Paulo alisulibiwa kwa ajili yenu? Swali hilo wape wenzako wa Makoroboi siku wakitulia. Huyu unayemtukania mama wa mwenzako, alifanya nini kwa ajili yako? Yeye na mpinzani wake wanaweza kukaa meza moja kesho wakipanga kolabo, wewe umeshavunja urafiki na jirani wa banda.

Ukisoma Matendo 19 utaona jambo hili likiwa limekomaa. Mjini Efeso watu walijazana uwanjani wakapiga kelele kwa muda wa saa mbili, mkuu ni Artemi wa Waefeso. Luka anaongeza kimyakimya kwamba wengi wao hawakujua kwa nini wamekusanyika. Na aliyeanzisha ghasia alikuwa Demetrio, mfua fedha, aliyeona biashara yake ya vihekalu inayumba. Nyuma ya kelele kulikuwa na mtu anayelinda mauzo. Leo tungemwita mfadhili, na wale waliotangulia kupaza sauti tungewaita chawa. Naye Papa Pio XII, katika hotuba yake ya redio ya Noeli ya 1944, alitofautisha watu na umati: watu wana uhai wao wenyewe na kila mmoja anajua wajibu wake, umati unasukumwa kutoka nje na yeyote anayejua kuchezea hisia zake. Dunia ilikuwa vitani wakati anasema hayo, na alijua umati ulikuwa umeipeleka wapi Ulaya.

Mpaka hapa nimekutetea. Sasa nivumilie.

Umeandika kwamba unawaona wenzako kama kondoo. Hata Bwana Yesu aliwaona hivyo. Mathayo 9:36 inasema aliuona umati umechoka na kutawanyika kama kondoo wasio na mchungaji, na akawahurumia. Wewe umewaona, ukajisifu. Kuna mtu mwingine katika Injili, Farisayo wa Luka 18, aliyesimama pembeni, akamshukuru Mungu kwa kuwa yeye si kama watu wengine, na unajua alirudi nyumbani kwake akiwa katika hali gani. Kukaa pembeni nako kunaweza kugeuka timu, yenye mwanachama mmoja na kiburi cha watu elfu. Yule kijana anayepayuka kwenye banda la jirani pengine hana kitu kingine maishani mwake kinachoshinda. Msanii wake akiongoza chati, kwa siku ile na yeye ameshinda. Mhurumie.

Jambo la pili, la siasa. Kutokuwa na chama ni haki yako. Kutojali mambo ya nchi hakumo kwenye hiyo haki. Katekisimu, namba 2240, inahesabu kupiga kura miongoni mwa wajibu wa mwamini, pamoja na kulipa kodi. Najua utaniambia mtu kama wewe hana pa kuingilia, na hapo una hoja. Katika nchi yetu mtu hawezi kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi miaka mingi mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaamua mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Mtikila alifariki 2015 bila kuliona jina la mgombea binafsi kwenye karatasi ya kura. Lakini mtazame vizuri yule mzee: hakubaki pembeni akicheka walio ndani. Alikwenda mahakamani, akashindwa, akarudi tena.

Na sote tunaikumbuka Oktoba 29, 2025, na siku zilizofuata. Intaneti ilizimwa nchi nzima, na zipo familia zinazolia mpaka leo. Mbele ya damu hakuna pembeni. Mtu asiyeshabikia chama chochote ndiye anayeweza kwenda kukaa msibani nyumba yoyote bila kuulizwa ametumwa na nani, na kazi hiyo sijasikia kama umeifanya. Jumuiya yako inajua ni nyumba zipi.

Sasa wimbo wenyewe, maana hapa ndipo ulipofanya vizuri kuliko unavyojua. Kuuza melodi si dhambi. Wangekutaka utunge wimbo mpya wa kampeni, na wewe unamwamini mgombea yule, ungeweza kuchukua hela yao bila lawama, na ningekushauri tu usome mkataba. Walichotaka wao ni kingine. Zaidi ya watu 220 walikufa Septemba 20, 2018, kivuko kikiwa kimebakiza kidogo kufika Ukara, na shangazi yako alikuwa mmoja wao. Wimbo uliomlilia walitaka ulie jina la mtu aliye hai anayetafuta kura.

Daudi alipoletewa habari kwamba Sauli na Yonathani wameanguka Gilboa, kiti cha enzi kilikuwa wazi na yeye ndiye aliyepakwa mafuta. Sauli alikuwa amemwinda kwa miaka. Hakuna mtu katika Biblia aliyewahi kupata nafasi nzuri zaidi ya kampeni. Soma 2 Samweli 1 uone alichotunga: anawasifu waliokufa, anamlilia Yonathani ndugu yake, anawaita binti za Israeli wamlilie Sauli. Jina la Daudi halimo kwenye wimbo. Hadai kitu. Akaagiza wana wa Yuda wafundishwe, na tunausoma mpaka leo. Mwalimu wako wa kwaya, ambaye bila shaka anaimbisha Zaburi za Daudi kila wiki, angeanzia hapo.

Kuhusu kufanya muziki bila lebo sina hukumu ya kutoa, maana si suala la dini. Ningi wa Kisukuma, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, alitunga nyimbo zake, akaongoza kundi lake, na umati ndio uliomhukumu. Wapo walioingia lebo kubwa na ikawafaa, wapo waliotoka, kama Harmonize alivyotoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 na Rayvanny 2022, na kila mmoja wao akawa na lebo yake mwenyewe, jambo linalonifanya nitabasamu kidogo. Kama ni heshima ya kujitegemea unayoitafuta, ilinde kwa karatasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda, ila siku ya ugomvi utaulizwa ushahidi. Usajili wimbo huo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, weka tarehe, hifadhi na rekodi za mwanzo. Waliokuja mara moja na laki nane watarudi 2030, na safari hiyo huenda wasije kuomba.

Limebaki la mama. Yeye hakukasirika kwa sababu anakipenda chama fulani. Alikuwa na deni, akaona laki nane zinatoka mlangoni, na mwanawe hakukaa naye kumweleza kwa nini. Kwake wewe umemlinda marehemu ukamwacha aliye hai aaibike mbele ya wanakikoba wenzake, na sioni amekosea wapi. Amri ya nne haina kifungu cha wasanii. Kaa naye umchezee wimbo ule mpaka mwisho, kisha mkubaliane sehemu ya deni ambayo utaibeba kutoka kazi yako ya simu kila mwezi, hata kama ni elfu thelathini. Mwekahazina wa kikoba chake akigoma kuongeza muda, mje wote wawili Jumapili baada ya misa ya pili, nitaongea naye, namfahamu. Mwalimu wa kwaya niachie mimi.