Kula bila nyama Dar: angalia neno "mboga"

Ndugu, umeuliza utakula wapi Dar bila nyama, mayai wala maziwa. Shida siyo chakula, ni lugha. Ukimwambia mama ntilie "nakula mboga tu" atakuuliza mboga gani, maana kwetu hata samaki ni mboga. Taja moja moja: sili nyama, kuku, samaki, wala dagaa. Dagaa usiwasahau, kuna wanaowaona kama kiungo tu!

Ukishaelewana naye, umefika. Wali maharage, ugali na mchicha wa nazi, kisamvu cha karanga, bamia, ndizi za nazi. Asubuhi mbaazi za nazi. Maandazi uliza kwanza, wengine hukandia maziwa. Pilau iache, mara nyingi imepikwa na supu ya nyama.

Ukichoka maharage nenda mtaa wa Kisutu, penye mahekalu ya Wahindu. Migahawa ya huko ya mboga za majani haipiki nyama kabisa, ila samli na mtindi vimejaa, kwa hiyo sema mapema. Bhajia za dengu na kachori za viazi ndizo kimbilio langu.