Waridi za karatasi zilizonitia aibu

Msomaji mmoja wa Tabata kaniandikia juzi: "Dada, waridi langu la karatasi, nikishaliviringisha nikiliachia tu linafunguka lote. Nakosea wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mdogo wangu, wewe umeharibu moja. Mimi niliharibu sitini.

Zilikuwa kadi 60 za send-off, kila moja na waridi lake juu, oda yangu kubwa ya kwanza, na nilishawatangazia majirani wote. Kariakoo nikapita manila nikaiona ghali, nikachukua karatasi za rangi za kutolea kopi. Ubahili wangu, simsingizii mtu. Aprili hiyo masika yamekolea, karatasi inavuta unyevu mpaka inalegea kama chapati ya jana. Nikizima feni, jasho linadondokea kazi. Nikiwasha, vipande vyote viko chini ya kitanda. Gundi nyeupe nikaona inachelewa kukauka, nikaingia na supaglu. Ikanywewa na karatasi, ikaacha madoa kama ya mafuta ya maandazi.

Na bado. Waridi likisimama linapanda kama sentimita moja na nusu, mimi nikazisokomeza kadi kwenye bahasha za kawaida, nikapanda daladala saa kumi na mbili jioni. Mnaijua hiyo saa. Mama wa bibi harusi akafungua moja, akaigeuza. "Mwanangu, haya maua yamekanyagwa?" Nikalipwa nusu. Aliyenisema zaidi ni shangazi mtu, ambaye sidhani kama amewahi kushika mkasi.

Basi fanya hivi. Tumia manila. Chora duara kwa mdomo wa glasi, kama sentimita 8, kisha kata kwa kuzunguka kuelekea ndani kama muuza machungwa anavyomenya chungwa bila kukata ganda, upana wa sentimita moja, ukingo uwe na mawimbi kidogo. Katikati bakiza kiduara cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Hicho ndicho kitako. Anza kuviringisha kutoka ncha ya nje, kwa kijiti cha kuchokonolea meno, upande wa chini ukae sawa. Wengi huanzia katikati, wakifika mwisho hawana pa kugandishia.

Sasa swali lako. Liachie! Kufunguka ndiko kunakolifanya waridi, lisipofunguka ni msokoto tu. Liache kiganjani litanuke kiasi unachotaka, ndipo upake gundi nyeupe kwenye kitako, ulikalishe juu yake, ubonyeze ukihesabu mpaka sitini. Sitini, siyo ishirini. Kadi yenyewe kabla ya kuikunja jaribu kuipinda pande zote mbili, ukunje kwa upande unaokubali kirahisi. Ule mwingine utapasuka rangi kwenye mkunjo.

Wadogo zangu, mna haraka sana. Oda ya watu 60 mnaipokea kabla hamjatengeneza kadi tano za kuwapa bure mama zenu. Karatasi haidanganyiki, ukiharakisha inakuumbua mbele za watu. Manila jamani, manila! Na maua yaliyokamilika yatieni kwenye kopo la biskuti lenye mfuniko, na mchele mkavu chini, hasa masika.

Bahasha nimeacha, natumia viboksi. Yule mama alinipigia mwezi uliopita, anataka kadi za kipaimara cha mdogo mtu. Nikamtajia bei mpya, na boksi juu yake, na malipo yote kwanza. Akatuma usiku uleule.