Debe langu lilikuwa tupu na bado halikuvuma: habari za kengele za bustani

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimetengeneza kengele sita za makopo, nimezipaka rangi nzuri nikazitundika mtini, lakini upepo ukija nasikia kama mtu anakwangua sufuria. Nimekosea wapi?" Nilicheka, halafu nikanyamaza, manake huyo alikuwa mimi kabisa miaka michache iliyopita, sema tu mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Kengele yangu ya kwanza ilikuwa kopo la maziwa ya unga. Nililipaka rangi ya mafuta mara tatu, nikalizungushia lesi ya pazia lililochakaa, nikabandika vifungo vya mashati kwa gundi kuanzia juu mpaka mdomoni, yaani lilipendeza kuliko hata vyombo vya kabatini. Ndani nikafunga kizibo cha chupa ya soda ya plastiki kiwe ndo ulimi wake. Siku hiyo tulikuwa na wageni, nikalitundika mbele ya watu wote kwa mbwembwe, upepo ukaja, kopo likabembea... kimya. Nikalisukuma kwa mkono, likatoa "pu". Wifi yangu akasema, "Wanasema debe tupu haliachi kuvuma, la kwako limeshindwa hata hilo." Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Na mimi nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri, na nasema ukweli mpaka leo nikilikumbuka lile neno kuna kitu kinanichoma hapa.

Basi nikakaa miezi nikiharibu makopo, hayo sitawachosha nayo. Kilichonifungua macho ni kijiko. Nilikuwa na vijiko vya stenlesi vilivyopinda, nikakishika kimoja kwa vidole nikakigonga kwa kingine: tak. Nikakifunga uzi shingoni, nikakiachia kining'inie, nikagonga tena: ngiiiing, mlio ukakaa hewani. Kijiko ni kilekile jamani! Nikakaa chini sakafuni. Kumbe chuma kinalia kwa kutetemeka, na chochote kinachokikumbatia, iwe vidole, lesi, gundi au rangi nzito, kinakula ule mtetemo. Mimi nililivalisha kopo koti halafu nikalilaumu kwa kutoimba!

Kwa hiyo dada uliyeniandikia, kabla ya yote kakwangue hiyo rangi nzuri. Samahani. Ukitaka rangi paka moja nyepesi, na karibu na mdomo acha chuma kitupu, hapo ndo panapotetemeka zaidi na ndo ulimi unapotakiwa upige. Watu wengi wanafunga ulimi juu sana, unagonga katikati ya kopo unatoa huo mkwaruzo unaousema. Ushushe ulingane na mdomo. Na uwe kitu kigumu, nati kwa kopo, kipande cha mti mgumu au shanga kubwa kwa chungu. Chini ya ulimi endeleza uzi ufunge kibao chepesi au sidii iliyokwaruzika ili ishike upepo, bila hicho utakuwa unasubiri kimbunga.

Kutoboa nako kulinitesa. Ukipiga msumari kwenye kitako cha kopo kinabonyea. Mimi najaza maji naweka friza, yakiganda napiga msumari juu ya barafu, tundu linatoka safi. Ila usijaze mpaka juu, maji yakiganda yanatanuka, langu moja lilivimba kitako kama lina mimba. Vaa glavu, ukingo wa kopo unakata kama wembe, nina alama kwenye kidole gumba. Na makopo ya dawa ya kupuliza, ya mbu sijui ya nywele, usiyatoboe kamwe hata kama unaona yameisha, ndani bado kuna presha na yanaweza kulipuka.

Sasa vyungu vya maua, mapenzi yangu haya. Chungu cha udongo kikipinduliwa kina tundu tayari, Mungu akupe nini tena? Kining'inize kwanza ukigonge kwa kifundo cha kidole, kikisema ngiii ni kizima, kikisema dap kina ufa hata kama huuoni. Cha kwanza nilikiweka bolti kubwa ya chuma iwe ulimi nikidhani uzito ndo sauti. Siku ya upepo mkali nikakikuta vipande vitatu chini. Nilijifariji baadaye niliposoma kwamba Big Ben ya London, kengele ya tani 13 na zaidi, ilianza kulia Julai 1859 na Septemba hiyohiyo ikapata ufa, nyundo ikalaumiwa kuwa nzito mno. Wakaigeuza kidogo, wakaweka nyundo nyepesi, na inalia na ufa wake mpaka leo. Kama mafundi wale walikosea, mimi na bolti yangu ni nani?

Kwa wenye vipande vya bomba, mfano fimbo ya pazia ya chuma, bomba halitundikwi kwa kutoboa nchani kabisa. Lina sehemu mbili zisizotetemeka, kila moja iko kama asilimia 22 ya urefu kutoka nchani. Bomba la sentimita 50 toboa kwenye sentimita 11. Mimi nilitoboa nchani yote saba, nikarudia yote saba, na usiniulize nilisema maneno gani siku hiyo. Na ukitaka sauti tofauti usikate nusu kwa nusu, bomba likipungua kidogo tu sauti inapanda sana.

Jamani tuache haraka ya kupiga picha. Wengi wetu tunatengeneza kengele ya kuonekana, halafu tunashangaa haisikiki. Kitundike kikiwa uchi, kisikilize siku mbili, ndipo ukipambe, tena kidogo. Na tusitupe vitu hovyo, kijiko kilichopinda, kopo, funguo za kufuli lililokufa, vyote vina sauti ndani yake, ni uvivu wetu tu. Na uzi wa pamba msitumie nje, unaoza. Mshipi wa kuvulia unadumu zaidi ila jua nalo linaula, kagua mara kwa mara kabla haujakatika wenyewe juu ya kichwa cha mtu.

Wifi alikuja tena mwezi uliopita. Akakaa palepale chini ya vyungu vitano na vijiko kumi na viwili, vikalia mchana kutwa. Nilikuwa nasubiri aseme hata neno moja. Alikunywa chai yake, akaangalia juu, akasema "leo kuna upepo". Lile kopo la vifungo bado lipo, nimelitundika nyuma ya nyumba, nyigu wamejenga ndani yake na siligusi.